Madagaska Ilikuwa Hapa Mbele Yetu, Mawe Yenyewe Ndo Yanasema

(Hii ni hotuba niliyoitoa Tanga kwa walimu wa jografia na wanafunzi wa fomu faivu na siksi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nimepunguza tu pale niliporudia rudia.)

Wakubwa shikamooni. Walimu wenzangu habari za asubuhi, na nyie wanangu mlioko huko nyuma hamjambo.

Nianze na kitu ambacho najua wengi humu ndani tulikifanya utotoni. Redio ikifa nyumbani tunavunja spika, tunatoa ile sumaku ya duara, tunaifunga uzi tunaiburuta mchangani njia nzima, ukija kuiinua imeota ndevu nyeusi. Sisi tulikuwa tunasema ni unga wa chuma na tuliamini umetoka kwenye misumari na magari. Sio. Sehemu kubwa ya zile ndevu ni madini yanaitwa magnetiti, chuma kilichoshikana na oksijeni, na yametoka ndani ya mawe. Ukienda kando ya mto Sigi ukaona mchanga una michirizi myeusi ujue ni mawe ya Usambara hayo yamesagika huko juu, mvua ikaosha, mto ukateremsha, zile punje nyeusi kwa kuwa ni nzito zikabaki pamoja na maji yakaondoka na mchanga mweupe.

Leo naongelea hizo punje zikiwa bado ndani ya jiwe, hazijang'oka. Zikiwa humo zinaweza kutuambia jiwe lilikuwa wapi duniani siku lilipozaliwa. Na habari kubwa niliyowaletea ni hii, kwamba kisiwa cha Madagaska, hiki mnachokiona kwenye atlasi kimekaa kule chini mbele ya Msumbiji, kilikuwa hapa. Hapa kwetu, kimegandana na pwani ya Tanga na Kenya na Somalia, hakuna maji katikati, unavuka kwa miguu. Na katika ushahidi wote uliopo, ule uliomaliza ubishi ni wa sumaku.

Sasa twende taratibu, tuanze na moto.

Ukichukua ile sumaku ya spika ukaitumbukiza kwenye jiko la mkaa ikaiva mpaka nyekundu, ukiitoa haivuti hata pini. Joto limeiua. Mfaransa Pierre Curie alichunguza jambo hili kwa makini akalichapisha mwaka 1895, ndo maana ule mpaka wa joto tunauita nyuzi za Curie. Kwa magnetiti mpaka ni nyuzi 580 hivi za Selsiasi, kwa hematiti, ile yenye rangi ya kutu inayofanya udongo wetu uwe mwekundu, ni karibu 675. Lava ya basalti, ule uji wa moto wa volkano unaoganda kuwa jiwe jeusi, inapotoka ardhini ina nyuzi 1,100 na zaidi, kwa hiyo ikiwa uji haina kumbukumbu yoyote ya sumaku. Inaanza kupoa, inaganda, inashuka, ikipita 580 zile punje zinaamka na kila moja inapata sumaku yake, na sumaku hiyo inafuata uelekeo wa uwanja wa sumaku wa dunia wa siku hiyo hiyo. Punje yenyewe haizunguki, imeshabanwa, kinachojipanga ni sumaku iliyo ndani yake. Ikishapoa basi, imefungwa. Jiwe linaweza kukaa miaka milioni mia, bara likasogea, likazunguka, likavuka ikweta, na ule uelekeo umo ndani palepale.

Hata udongo unafanya hivyo hivyo. Udongo ulioko chini ya mafiga, ukiungua kila siku, una kumbukumbu ya moto wa mwisho uliokuwa mkali. Na kuna njia nyingine isiyo ya moto kabisa, ni tope linapotuama taratibu ziwani au baharini, punje za magnetiti zikishuka majini zinajigeuza kufuata sumaku ya dunia kama sindano ya dira, alafu tope linajaa juu yao linakuwa jiwe.

Hiyo sumaku ya dunia inatoka wapi? Chini ya miguu yetu kilomita kama 2,900 kuna chuma kilichoyeyuka, kinazunguka kinachemka, na mwendo wake ndo unatengeneza umeme na sumaku. Napita haraka hapo, ni mada ya siku nyingine.

Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana wengi wanaachwa hapa. Tunafundishwa kwamba dira inaelekea kaskazini, basi. Lakini sindano ya dira ina tabia ya pili, inainama. Ukiwa ikweta inalala sambamba na ardhi. Ukiwa nchani inasimama wima. Katikati hapo inainama kiasi, na kadiri unavyoenda mbali na ikweta ndo inavyozidi. Ndo maana wanaotengeneza dira huweka kauzito kadogo kwenye sindano kulingana na sehemu ya dunia inakouzwa, na dira iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya ukija nayo kusini huku sindano yake inaweza kugusa kioo ikagoma kuzunguka. Mkiwa na dira kama hiyo shuleni msiitupe, haijaharibika, iko mbali na kwao tu.

Sasa kuinama huko kuna hesabu yake, na hesabu yenyewe ni fupi, wanangu wa fomu siksi andikeni: tanjenti ya mwinamo ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo. Ukiwa latitudo 5, kama hapa Tanga, mwinamo unatakiwa uwe kama digrii 10. Ukiwa latitudo 30 ni kama 49. Ukiwa 60 ni kama 74. Kwa hiyo ukipima mwinamo ulioko ndani ya jiwe, unarudi kinyumenyume unapata latitudo ya siku lilipoganda. Ila ukipima dira halisi leo hapa Tanga utaona inainama zaidi ya hizo 10, kwa sababu uwanja wa sumaku unayumba, mwaka huu hivi, karne ijayo vile. Ndo maana jiwe moja halitoshi. Unachukua lava nyingi zilizomwagika kwa maelfu ya miaka unatafuta wastani, na wastani huo ndo unakubaliana na hesabu.

Mfano mzuri kuliko wote ni India. Kule magharibi ya India kuna lava zinaitwa Deccan, zimerundikana tabaka juu ya tabaka, zina umri wa miaka kama milioni 66. Leo ziko kaskazini ya ikweta, latitudo ya 16 mpaka 20 na kitu. Miaka ya 1950 Waingereza walikuwa wameanza kupima sumaku dhaifu sana ndani ya mawe, Patrick Blackett alitengeneza kifaa chenye uwezo huo, na pale Cambridge walikuwepo vijana, mmoja wao Ted Irving. Mawe ya Deccan yalipopimwa mwinamo ukagoma kukubaliana na mahali yalipo. Ukasema yaliganda kwenye latitudo kama ya 30, tena kusini ya ikweta. Yaani India ilikuwa huku kusini kwetu, ikapita, ikavuka ikweta ikaenda kuigonga Asia, ndo Himalaya ikainuka. Irving aliandika haya kwenye tasnifu yake na mwaka 1954 wakamkatalia shahada ya udaktari (PhD). Nawaambia hili kwa sababu nina wanafunzi humu watakaokataliwa vitu, na mawe aliyoyapima Irving hayakubadilika kwa kuwa kamati ilikataa. Alihamia Australia akaendelea kupima, na leo jina lake liko kwenye kila darasa la somo hili.

Kabla ya hapo mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alishasema mabara yanatembea, tangu 1912, akafia Greenland mwaka 1930 watu wengi bado hawajamkubali. Alikuwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyomo kwenye mawe, alikuwa na maumbo ya pwani, alikuwa na alama za barafu. Alichokosa ni kipimo. Sumaku ndo ilileta kipimo, namba, digrii, kitu ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kupima mwenyewe akapata jibu lilelile.

Haya, tuje nyumbani sasa.

Mwaka 1906 Bernard Brunhes huko Ufaransa alipima udongo uliochomwa na lava, ni kama huo wa chini ya mafiga, akakuta sumaku yake imegeuka, kaskazini iko kusini. Mwaka 1929 Mjapani Motonori Matuyama akaonyesha kwamba mawe yaliyogeuka ni ya umri fulani na yasiyogeuka ni ya umri mwingine. Maana yake ni kwamba dunia yenyewe huwa inageuza sumaku yake, ncha zinabadilishana. Mara ya mwisho ni kama miaka 773,000 iliyopita. Basi kukawa na kazi kubwa ya kutengeneza kalenda, lini ilikuwa imesimama kama leo, lini ilikuwa imegeuka.

Na hapo Tanzania ikaingia. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, hilo wote mnalijua. Kinachojulikana na wachache ni kwamba chini ya tabaka lile kuna basalti, na mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya sumaku ya basalti ile. Ikaonekana inaelekea kama leo, wakati kalenda inasema kipindi kile kirefu dunia ilikuwa imegeuka. Kumbe katikati ya usiku mrefu kulikuwa na mwanga kidogo, kama kutoka miaka milioni 1.9 hivi mpaka karibu milioni 1.8 sumaku ilirudi kama ya leo kisha ikageuka tena. Kipindi hicho dunia nzima kinaitwa Olduvai. Mwanasayansi akitoboa tope chini ya bahari, akipima vumbi la kale kule China, akisoma matabaka ya Italia, akikikuta anaandika Olduvai. Na jina lenyewe asili yake ni Oldupai, kwa Kimaasai ni mkonge pori, kwa hiyo watu wa Tanga mna sababu mbili za kulipenda.

Mimi nilimaliza fomu siksi bila kuambiwa hilo. Nilifundishwa Olduvai kwenye historia, na mabara kutembea kwenye jografia, na hakuna aliyeniambia kwamba vitu hivyo viwili vimeshikana kwenye jiwe moja. Nilisikia uchungu siku nilipojua, na ndo sababu mojawapo nimepanda basi kuja hapa.

Kalenda ilipopatikana, bahari ikafunguka. Mwaka 1962 meli ya Uingereza inaitwa Owen ilikuwa inapima sumaku juu ya bahari ya Hindi, hii hii yetu, kwenye safu ya milima iliyozama inayoitwa Carlsberg, iko kati ya Pembe ya Afrika na India. Drummond Matthews alikuwemo melini. Alirudi na vipimo, mwanafunzi wake Fred Vine akakaa navyo, na mwaka 1963 wakachapisha maelezo. Kwenye safu kama ile lava inatoka katikati, inaganda, inashika sumaku ya siku hiyo, alafu inapasuliwa nusu inaenda huku nusu kule, katikati inatoka nyingine. Dunia ikigeuza sumaku, lava mpya inashika kinyume. Miaka ikipita sakafu ya bahari inakuwa na milia kama mkeka, mlia wa kawaida, mlia uliogeuka, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto. Mkanada Lawrence Morley alikuwa na wazo hilohilo mwaka huohuo, majarida mawili yakamkatalia. Ukiona milia, ukiilinganisha na kalenda, unajua bahari ilipanuka lini na kwa kasi gani. Hiyo ni tofauti kubwa na kupima jiwe moja moja.

Sasa Madagaska.

Kulikuwa na kambi tatu. Kambi ya kwanza ilisema kisiwa hakijawahi kusogea, kiko pale tangu enzi. Ya pili ikasema kilikuwa kimeshikana na Msumbiji, maana ndo iko karibu, kikasogea mashariki kidogo. Ya tatu, alikuwemo Alexander du Toit wa Afrika Kusini tangu miaka ya 1930, ikasema hapana, kilikuwa juu, kwenye pwani ya Tanzania na Kenya na Somalia, kikateremka. Walibishana miaka mingi, kila mtu na visukuku vyake na matabaka yake.

Mwaka 1975 watafiti Embleton na McElhinny walipima mawe ya mchanga ya Isalo, kusini magharibi ya Madagaska. Yale mawe yana latitudo yake ndani, na yana uelekeo wake, ukiyalinganisha na mawe ya Afrika ya umri uleule unauliza, nikiweka kisiwa wapi ndo sumaku zote mbili zitaelekea ncha moja? Ukikiweka kilipo leo haziendi. Ukikisogeza kaskazini kije pwani yetu, zinaelewana. Kambi ya tatu ikapata nguvu.

Lakini kilichomaliza ni bahari. Huko nje, kati ya Somalia, Kenya na Madagaska, kuna bonde la bahari kubwa lenye kina, na mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey wakaonyesha milia ya sumaku iliyoko kwenye sakafu yake. Na milia yenyewe imelala mashariki kwenda magharibi. Fikirieni hapo. Milia ikilala hivyo maana yake bahari ilipanuka kaskazini kwenda kusini, yaani kisiwa hakikuondoka kwetu kama mtu anayefungua mlango kuelekea mashariki, kiliteleza kusini ubavu kwa ubavu na Afrika. Hata kovu la kuteleza lipo, ni ukingo mrefu chini ya bahari unaitwa Davie, unatoka mbele ya pwani ya Tanzania unashuka mpaka mlango wa Msumbiji. Safari ilianza kama miaka milioni 165 iliyopita, na kati ya milioni 130 na 120 ikasimama. Zaidi ya kilomita elfu moja. Tangu hapo Madagaska na Afrika zikawa bamba moja, yaani kipande kimoja cha gamba la dunia kinachosogea pamoja, kwa muda mrefu, hata India, ambayo ilikuwa imeng'ang'ania upande wa pili wa kisiwa, ikaja kujitoa baadaye, kama milioni 88, ikaanza ile safari yake ya kuvuka ikweta.

Na nyie mnaoishi hapa mna ushahidi wa siku ile ya kuachana. Mapango ya Amboni. Yale mawe ni chokaa ya zama za Jurasi, zile za dinosauri, na chokaa ile inatengenezwa baharini, kwa maganda na tope la viumbe wa maji ya kina kifupi. Chini yake kuna mawe ya mchanga ya Karoo, ya nchi kavu na mito. Yaani ukisimama Amboni unaona mahali nchi kavu ilipozama bahari ikaingia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ardhi ilikuwa inavutwa, inapasuka, jirani anaanza kuondoka. Ile saruji ya Tanga mnayojengea nyumba, malighafi yake ni chokaa ya huo huo mlango uliofunguka. Hata gesi ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974, imo kwenye mchanga wa zama za Kretasi uliomwagika kwenye kingo za bahari hiyo mpya.

Mtu ataniuliza, mbona unaishia miaka milioni 165, nyuma zaidi je? Hapo ndo kuna huzuni kidogo kwa watu wa Tanga. Milima ya Usambara ni ya mawe ya zamani zaidi, na ilipikwa. Kama miaka milioni 600 na ushee iliyopita, vipande viwili vikubwa vya ardhi viligongana hapa, bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, mawe yakazikwa kilomita nyingi chini kwenye joto linalopita nyuzi 700. Ndo maana bonde la Umba lina rubi na safaya, vito vile vinapikwa kwa moto wa namna hiyo. Lakini mnakumbuka 580? Jiwe likipita hapo linasahau. Kumbukumbu yoyote ya kabla ya mgongano kwenye Usambara imefutwa, kilichobaki ni ya wakati lilipokuwa linapoa.

Kwa hiyo anayetaka kujua kabla ya mgongano huo bara letu lilikuwa wapi lazima aende magharibi ambako mawe hayakupikwa. Kigoma kuna lava za Gagwe, za umri wa karibu miaka milioni 800, na Mbozi, mkoa wa Songwe, kuna miamba ya kama milioni 745. Joseph Meert na Rob Van der Voo na mwenzao walizipima, wakachapisha 1995, na vipimo vikaonyesha kwamba wakati ule Tanzania haikuwa imeshikana bado na zile nchi za upande wa pili, India na wenzake. Zilikuja kushikana baadaye, na mshono wake ndo milima ya kwetu. Ukitoka Lushoto kwenda Kigoma kwa basi umesafiri kutoka kwenye mshono kwenda kwenye kitambaa.

Sasa niseme jambo linaloniuma.

Nikiwa mwanafunzi tulienda fildi kuchukua sampo. Kazi yenyewe iko hivi, una drili ndogo ya mafuta kama ya msumeno, ncha yake ina almasi, mtu mmoja anapampu maji ya kupoza, unatoboa jiwe ambalo limeshikamana na mwamba, halijadondoka, unapata kijiti cha jiwe chenye upana wa sentimita 2.5. Kabla hujakivunja kukitoa, unaingiza bomba la shaba nyeupe ambalo halina sumaku, unapima kijiti kinaelekea wapi na kimeinama digrii ngapi, unachora mstari. Na dira peke yake hutakiwi kuiamini, maana basalti yenyewe inaivuta sindano, kwa hiyo unapima na kivuli cha jua, unaandika saa na dakika. Mlimani juu kabisa hatuchukui, radi ikipiga inaandika sumaku mpya juu ya ile ya zamani. Maabara wanakipasha kijiti moto kidogo kidogo, nyuzi 100, 200, 300, kwenye chumba kilichokingwa sumaku ya leo isiingie, wanavua kumbukumbu changa moja moja mpaka ibaki ya kale.

Siku ile tulichelewa, mvua ilikuwa inakuja, nikatoa vijiti 4 bila kuchora mstari. Nikasema nitakumbuka. Nilikumbuka mahali, nilikumbuka hata ukubwa wa mwamba, uelekeo sikuukumbuka. Vijiti vile ni vizuri, vimehifadhi kila kitu, na havina faida yoyote, kwa sababu jiwe linajua pembe kati yake na kaskazini ya kale, na hiyo inatusaidia tu kama na sisi tunajua lilikuwa limekaaje ardhini. Mpaka leo ninavyo. Nimevileta, nitavipitisha mviguse.

Na ndo sababu nasema mawe haya lazima tuyasome sisi tulio karibu nayo. Kisukuku unaweza kukipakia kwenye boksi kikaenda makumbusho ya mbali kikasomwa huko. Sumaku ya jiwe hapana, ukishaling'oa bila kupima umeliziba mdomo. Kila siku tunakata barabara, tunachimba kokoto, tunafungua machimbo mapya, mwamba mzuri usiochakaa unatokea mbele ya macho yetu kwa wiki mbili alafu unasagwa. Mwalimu wa jografia aliye kilomita 5 kutoka pale akiwa na dira, kalamu isiyofutika na daftari anaweza kuandika tabaka limeinama wapi na kwa digrii ngapi, akapiga picha, akampigia mtu wa jiolojia. Hiyo tu.

Kulikuwa na maswali, nitaje mawili.

Binti mmoja wa fomu siksi akauliza, kama mwinamo unatoa latitudo, longitudo tunaitoa wapi? Swali zuri mno. Jibu ni kwamba jiwe peke yake haliitoi. Ukizunguka dunia kwenye latitudo moja mwinamo ni uleule, kwa hiyo jiwe linakuambia uko umbali gani na ncha, na bara limezungushwa kiasi gani, halikuambii uko mashariki au magharibi. Kwa miaka milioni 180 hivi ya karibuni tunasaidiwa na milia ya baharini. Kwa mawe ya Kigoma sakafu ya bahari ya wakati ule ilishamezwa ardhini yote, hakuna milia, ndo maana ramani za zamani zile watafiti bado wanazibishania.

Mwalimu mmoja mzee akauliza, sisi huku shule hatuna drili wala hiyo mashine, tufanye nini na watoto? Nikamwambia mzee wangu, Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane Amboni. Chokaa ya pale sumaku yake ni dhaifu mno, bila maabara hatuwezi kuisoma, tutaenda kuiona tu na kupima matabaka yameinama upande gani. Alafu tunashuka mtoni Sigi. Kila mtoto aje na sumaku ya spika, uzi, na karatasi nyeupe. Anayo mbili amletee mwenzake.